Mlango Hauulizwi

Katika mji ule nyumba ndizo zilizokuwa zikiita watu. Kutwa kucha kila nyumba ilitaja jina lake hewani, taratibu, bila kuchoka, kama mgonjwa anayejikumbusha yeye ni nani. Kwa Mashavu, Kwa Mashavu, Kwa Mashavu. Na ya jirani, Kwa Siwatu, Kwa Siwatu. Na nyingine nyuma yake, na nyingine, hata mgeni akiingia mjini huziba masikio akidhani kuna msiba. Wenyeji hawakuusikia tena ule mvumo. Sikio la mwenyeji lilizoea kuokota jina moja tu, jina la kwao, na miguu ikafuata yenyewe. Ndivyo watoto walivyorudi kutoka michezoni, na ndivyo walevi walivyofika salama.

Zamani, wanasema, nyumba zilifungwa kwa waya, moja kwa nyingine, na ukitaka kumsikia mtu ulishika waya ukatega sikio. Ilikuwa taabu. Watu walijikwaa, mbuzi walinasa. Basi wakazikata nyaya zote wakaziuza chuma chakavu, wakasema tangu leo hewa itatosha. Na kweli ikatosha. Hewa ilibeba kila kitu, salamu na siri, bila kumkwaza mtu. Ila waya ukikatwa unaonekana, na anayeushika utamwona mkono. Hewa nani ameishika, utamwonaje?

Hata milango yao ilikuwa ya hewa. Ukifika unabisha hodi. Nyumba inakuuliza nani, kwa sauti ya mwenye nyumba, maana nyumba za mji ule zilisema kwa sauti za wenyewe hata wenyewe wakiwa wamelala. Unajibu mimi. Hapo nyumba haikuridhika, kwa sababu mimi ni kila mtu. Hata mwizi akiulizwa husema mimi, tena kwa upole kuliko wengine. Ndipo unaulizwa neno. Kila nyumba ilikuwa na neno lake la siri, na ukilitaja sawasawa hewa inafunguka kama pazia. Ukikosea, unaambiwa rudi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na hakuna aliyeona tundu lake. Nyumba ilimuuliza mtu. Mtu hakuiuliza nyumba. Nani angethubutu? Ubishe hodi kwa watu, halafu umuulize mwenye nyumba na wewe ni nani? Wangesema hukulelewa.

Mashavu alikuwa mama wa wasiwasi. Alikuwa na mtoto mmoja, Mwanamvua, na katika jirani zake aliyekuwa karibu zaidi ni Siwatu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi. Walizoea kuchambua mchele pamoja, huyu upande huu wa ukuta, huyu upande ule, nyungo mapajani.

"Siwatu, mwenzangu, neno lako bado ni lile lile?"

"Lile lile. Kwani limeoza?"

"Jina la mwanao wa kwanza. Unaliita toka jogoo la kwanza, akaoge, akale, aache kumvuta paka mkia. Mji mzima unalijua."

"Basi waje waingie. Watakuta nini? Ungo umetoboka na mume anakoroma. Wakimchukua wanirudishie mto wangu."

"Utalia siku moja."

"Leo nacheka, shoga. Wewe neno lako refu kama kamba ya kisima. Mtoto akimaliza kulitamka uji umeganda."

Mashavu hakujali. Alijua kwamba neno lake halimo katika mdomo wa mtu yeyote mjini. Alilisuka mwenyewe, likapanda likashuka, na alimfundisha Mwanamvua kipande kwa kipande mpaka mtoto akalishika lote, ingawa kila mara alijikwaa katikati, akarudi nyuma kidogo, akaendelea.

Lakini mtoto ni mtoto. Siku nyingine alifika mlangoni akiwa na kicheko kooni.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi."

"Neno?"

"Maboga."

"Hapana. Siyo. Rudi."

"Kisamvu."

"Hapana, nimesema."

Na pale nje angekaa akicheka mpaka Mashavu atoke amfinye sikio. "Neno si mchezo, Mwanamvua. Si mchezo, umesikia? Ukiulizwa, sema. Ukiitwa, itika." Mchezo ule aliukomesha. Akamfundisha na adabu ya kuitika: akisikia jina lake tu, abee, bila kukawia.

Bibi yake Mashavu, marehemu, alikuwa na mafundisho mengine. Alisema mtoto akiitwa jua likiwa utosini asiitike mara ya kwanza. Asubiri aitwe tena, na tena, maana kisicho mtu hakina subira ya kuita mara tatu. Mashavu aliyasikia hayo utotoni akayaweka pamoja na mambo ya wazee, nyuma ya kabati, huko kunakowekwa vitu visivyotupwa wala kutumiwa.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Adhuhuri ya mji ule haifanani na ya kwetu. Jua likifika utosini mwanga unakuwa mweupe hata unafuta nyuso, na watu wanaacha kutumia macho. Wanaishi kwa masikio mpaka vivuli virudi. Mashavu alikuwa uani akianika nguo, vibanio amevishika kwa meno. Mwanamvua alikuwa ndani, kwenye mkeka, akichambua mchicha.

"Mwanamvua."

"Abee, mama."

"Toka."

Mashavu alisikia yote matatu. Alisikia mtoto akiitwa, akiitika, akitolewa. Na sauti iliyoita ilikuwa sauti yake mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa umefumba, na vibanio vilikuwa kati ya meno.

Akasimama. Mtu akisikia sauti yake hudhani amesema. Alitafuta ndani ya kichwa chake sababu iliyomfanya amtoe mtoto nje kwenye jua kali, na akawa karibu kuipata. Ule muda aliosimama akijitafutia sababu ndio uliomponza. Alipotema vibanio akakimbilia ndani, mkeka ulikuwa mtupu, na mchicha nusu umechambuliwa nusu bado.

Akatoka kibarazani, mwanga ukamfuta macho.

"Siwatu! Umemsikia Mwanamvua?"

"Nimemsikia. Katoka, kasimama kidogo, kisha kabisha hodi akaingia."

"Kaingia wapi?"

"Kwako, wapi tena. Nimesikia neno lile la kamba ya kisima, kajikwaa katikati kama kawaida yake. Ukamwambia karibu, mwanangu."

"Mimi niko kwangu, Siwatu. Hajaingia."

Siwatu akanyamaza, na Siwatu kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha peke yake. Katika kimya kile wote wawili wakasikia. Kwa Mashavu, Kwa Mashavu, ilisema nyumba iliyokuwa nyuma ya Mashavu. Na mbele yake, katika uwanja mtupu ambao asubuhi ile ulikuwa wa kuku tu, nyumba nyingine ikasema Kwa Mashavu, Kwa Mashavu, kwa sauti ile ile, ila kubwa zaidi, na tamu zaidi, na karibu zaidi na mtu yeyote aliyesimama nje akitafuta kwao.

Jua likagoma kuteremka. Wapo wanaosema lilisimama saa, wapo wanaosema miaka. Mashavu hakuweza kupima, maana kivuli hakikuwepo.

Kabla hajajua afanye nini, mlangoni kwake kukabishwa hodi.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi."

"Neno?" Na alipouliza sauti ilimtetemeka kwa furaha.

Likatajwa. Lote, toka mwanzo mpaka mwisho, likipanda likishuka, bila kujikwaa hata mara moja. Hewa ikafunguka. Ingefanyaje? Neno lilikuwa sahihi, na nyumba haikujua kingine cha kutazamia. Kikaingia kilichoingia, uso wake bado umejaa mwanga wa nje, kikaketi juu ya mkeka, kikaendelea kuchambua mchicha.

Mashavu alishukuru. Alikaa akakitazama akashukuru tena. Kisha akaita, apate tu kusikia, "Mwana..."

"Abee, mama."

Kiliitika kabla jina halijaisha.

Akakituma maji. Kikaenda. Mwanamvua wake hakuwahi kutumwa maji akaenda bila kununa na kusema kwa nini kila siku mimi. Hiki kilikwenda, kikarudi, kikaketi. Mashavu akasema, ili aseme tu, "Sufuria dogo nimeliweka wapi?" Na nje, upande wa pili wa ukuta, kitambo kidogo baadaye, sauti ya chini ikarudia: sufuria dogo nimeliweka wapi. Akasema, "Kichwa kinaniuma." Nje ikasema kichwa kinaniuma. Kila kilichotamkwa ndani kilipita katika kile kiumbe kama maji katika mfereji, kikamwagikia kwingine.

Ndipo akang'amua. Neno alilokuwa akilisuka na kulificha halikumthibitisha mtoto. Lilijithibitisha lenyewe tu. Anayelijua ni anayelijua, basi. Mwanamvua alilitaja mlangoni pa nyumba ya uongo, ikalipokea kama mtu anayepokea mzigo, na sasa mzigo umerudi kwa miguu mingine.

"Toka," alisema Mashavu.

Kikainuka papo hapo kikatoka. Hakikubisha, hakikuuliza. Na hilo nalo likamchoma, maana aliona sasa tundu la pili la mji wao. Kuingia kulilindwa kwa neno. Kutolewa hakukulindwa kwa chochote. Yeyote, kwa sauti ya yeyote, angeweza kusema toka, na yule aliyelelewa vizuri angeinuka akatoka.

Akabadili neno. Alilisuka jipya moyoni, hakulitamka, na nyumba ikalijua moyoni mwake. Siwatu, aliyekuwa amebana sikio ukutani wakati wote, akasema kwa sauti ndogo:

"Umefanya vyema. Na mtoto?"

"Mtoto nini?"

"Yeye analo la zamani. Umekifungia nje kile, na yeye umemfungia nje. Akirudi atasema nini?"

"Nitamwambia neno jipya."

"Utampelekea kwa njia gani, mwenzangu? Kwa hewa hii hii?"

Mashavu akatoka nje. Alivuka uwanja, mikono mbele kama kipofu, akasimama mbele ya nyumba iliyomwibia jina. Ndani alimsikia Mwanamvua.

"Mama, naomba sukari."

"Chukua, mwanangu."

"Mama, leo nisioge."

"Usioge, mwanangu."

"Mama, unanipenda?"

"Karibu, mwanangu."

Hakuna linalotisha kama kusikia sauti yako ikimbembeleza mwanao na wewe uko nje. Mashavu aliita, "Mwanamvua!" na mtoto akaitika abee, lakini alimwitikia aliye ndani. Sauti mbili zilikuwa moja. Akasema toka, maana toka inasikiwa na kila mtu. Na kweli mtoto akatoka, akasimama juani bila kuona, akasikia jina la kwao likiitwa kwa nguvu pale pale karibu, akageuka kuingia mlemle. Mashavu akaurukia ule mwanga, akashika kifundo cha mkono. Mtoto akapiga yowe. Mama yuko ndani, anamwita. Sasa huyu anayemshika kwa nje, mwenye sauti ya mama, ni nani? Akajichomoa, akakimbilia ndani kwa mama yake.

Mashavu akakaa chini pale uwanjani.

Mimi. Mimi ni nani? Mwenye sauti hii. Sauti inachukuliwa. Mwenye neno hili. Neno linasikika. Mwenye jina hili, nyumba inalitaja kutwa, hata kuku wanalijua. Mkono wangu umemtisha. Toa sauti. Toa neno. Toa jina, toa mkono. Kilichobaki ni nini? Nilimfundisha kujithibitisha. Nilimfundisha kuitika. Sikumfundisha kuniuliza. Niliona haya kuulizwa na mtoto wangu. Niliona ni utovu. Sasa mtoto wangu ana adabu zote, na adabu zake ndizo zilizomfungulia mlango usio wake.

Na akiwa katika kujisemesha hivyo, aligundua kwamba ile sauti ya ndani haikuwahi kukaripia. Ilikuwa imeokota utamu wake wote uliopita hewani, mabembelezo na karibu zote. Makaripio iliyaacha, kwa sababu haikuwa na kazi nayo. Kitu chenye njaa hakimfukuzi mtu. Basi akasimama, akashika kiuno, akasema kwa sauti ile aliyoitumia zamani akitoka nje na vidole tayari kwa sikio:

"Neno si mchezo, Mwanamvua! Si mchezo, umesikia?"

Hakusema zaidi. Mji mzima ulimsikia ukadhani ni mama anagomba. Ile nyumba ilimsikia ikadhani hivyo hivyo. Akarudi kwake, akaketi ndani ya mlango wake, akangoja.

Alingoja mpaka nywele zikabadilika rangi, ama ulikuwa ni ule mwanga tu. Viumbe vilikuja mlangoni vikiwa na neno la zamani, vimelinyoosha vizuri, kila kimoja kina sauti ya mwanawe. Aliviambia rudi. Vingine vililia kama mtoto anayenyimwa. Rudi. Kila mara aliposema rudi, kitu kilikatika ndani yake, maana hakujua ni nani anamrudisha.

Kisha ikaja hodi nyingine. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya msichana aliyerefuka. Haikuwa ile aliyokuwa akiingoja.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Neno?"

"Maboga."

Mashavu akashika kizingiti cha hewa kana kwamba kilikuwa cha mti. Kila kiungo chake kilitaka kusema karibu. Midomo ilikwisha kujiandaa. Akajua kwamba akisema karibu, amempoteza.

"Hapana," alisema. "Siyo. Rudi."

"Kisamvu."

"Hapana, nimesema."

Nje sauti ile nzito ikavunjika, ikacheka, au ilikuwa inalia.

"Ni hapa," ilisema. "Mama, ni hapa. Kule nilisema maboga nikaambiwa karibu, mwanangu. Nikasema kisamvu, karibu. Nikanyamaza kabisa, sikusema kitu, nikaambiwa karibu. Nikajua pale si kwetu."

Vile vingine vyote vilikuja na jibu. Huyu amekuja kumpima mama yake. Mwizi haulizi kama nyumba ni ya kweli, kwake nyumba yoyote inafaa; aliyepotea ndiye anayeuliza. Mashavu hakufungua mlango. Alitoka yeye mwenyewe, akavuka hewa, akapapasa mwangani mpaka akaukuta mkono, mkubwa kuliko aliouacha, na safari hii haukuchomoka. Akaliweka neno jipya sikioni mwa mtoto, kwa pumzi, mdomo umegusa ngozi, pasibaki nafasi ya hewa kulisikia. Ndipo Mwanamvua akageuka, akabisha hodi kwao, akaulizwa, akalitaja kwa midomo tu, bila sauti, mlango ukafunguka.

Jua likashuka. Vivuli vikarudi.

"Na kikijifunza mchezo wenu?" Siwatu aliuliza siku za baadaye, kupitia ukuta. Neno lake alikuwa amelibadili, ingawa paka bado alivutwa mkia.

"Kitajifunza."

"Halafu?"

"Tutabadili mchezo."

"Kila siku mtabadili?"

"Wewe mwanao unamwogesha mara moja tu maishani?"

Siwatu akacheka, lakini alipomaliza kucheka alisikiliza kidogo, kama wote walivyofanya siku zile. Uwanjani hakukuwa na nyumba. Kuku walikuwa wakiparura. Ila upepo ukigeuka, kwa mbali, lilisikika jina la Mashavu likiitwa kutoka upande ambao yeye hayuko.

Naye Mashavu alikuwa uani, akianika. Nguo ya mwisho ilikuwa nzito, akataka msaada. Akatoa vibanio mdomoni.

"Mwanamvua."

Kimya.

"Mwanamvua!"

Kimya tena, lakini kimya kile yeye ndiye aliyekipanda. Marehemu bibi angekipenda. Akaita mara ya tatu.

"Nani?" sauti ya mwanawe iliuliza kutoka ndani.

Mashavu akafumbua mdomo aseme mimi. Ikamkwama. Alisimama na nguo inayochuruzika maji, akitafuta katika maisha yake yote kitu kimoja ambacho hewa haijakisikia.

"Ngoja," alisema. "Nafikiri."

Ndani, mtoto akacheka. Lakini mlango hakuufungua.